Kwa Rehema, kuhusu ile sabuni

Rehema mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa mtoto. Sisi hatujambo. Picha nimeziona, hongera tena! Zuhura anasema amechukua macho ya babu yake.

Ila kaniambia na jingine, ndilo lililofanya nikuandikie: kwamba unamwogesha mtoto kwa sabuni ya dawa asubuhi na jioni. Kunawa mikono kabla ya kumbeba, sawa, endeleeni. Lakini sabuni ile, shoga yangu, nakusihi uiache.

Ngozi yake sasa hivi iko darasani. Tangu alipozaliwa inahamiwa na bakteria, wengi wapole kama Staphylococcus epidermidis, na seli za kinga zinajifunza kuishi nao. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walimpaka bakteria huyo kwenye ngozi za panya wachanga wa wiki moja, siku zile zile ambazo seli T za kutuliza kinga humiminika kwenye ngozi yao. Walipokua, ngozi ikakwaruzwa na kupakwa bakteria yule yule, haikuvimba sana. Waliokutana naye mara ya kwanza ukubwani hawakupata uvumilivu huo. Ni panya, najua, lakini habari hiyo hainitoki kichwani kila nikimfikiria mwanao.

Tumboni nako ni hivyo hivyo. Panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja hubaki na kinga changa ya utumbo, na kingamwili za IgA huwa chache mno. Hizo IgA ndizo zinazowavika bakteria na kuwazuia wasiusogelee ukuta wa utumbo. Mtoto wako bado hajaweza kujitengenezea za kutosha. Anazipata kwenye maziwa yako. Tena maziwa hayo yana sukari ambazo yeye mwenyewe hawezi kuzisaga: ni chakula cha bifidobakteria wake, wale bakteria wema wa tumboni! Niliposikia unanyonyesha nilifurahi sana.

Narudi kwenye sabuni. Nani aliyekushauri? Kama ni daktari, alitaja sababu, na alisema uitumie hadi lini? Vile vipele vya shingoni vilianza kabla yake au baada? Umejaribu maji ya uvuguvugu matupu? Na wewe unapata usingizi? Mama bado yupo hapo? Nijibu hata mistari miwili.

Wako,
Saida