Mwanangu, kwanza watakuuliza umeolewa wapi

Mwanangu, salaam aleikum. Sisi wazima, presha ya babako imeshuka kidogo. Nakuandikia manake kwa simu nikianza hii habari unasema mtandao mbaya halafu unakata. Nimeisikia matangani, tena kwa watu, mama mmoja ananishika mkono ati hongera, mwanao anakuja hapa Kwale kugombea udiwani wa wodi yetu 2027. Nikacheka kama najua. Hilo nalo tutaliongea siku yake.

Sikatai. Nijibu moja tu. Siku ya kwanza ukisimama pale sokoni mtu akikwambia dada wewe si umeolewa Machakos, nenda kaombe kura huko, utasema nini? Usiniambie dawa za zahanati na basari, hayo watakuja kuyasikiliza wakishajua wewe ni wa nani. Watu wa huku mheshimiwa wanamchagua kama wanavyonunua samaki, kwanza wanafunua shavu. Mamako nani, umeolewa na nani, huyo mume kabila gani, alisilimu kweli au alisilimu siku ya nikaha tu, una watoto wangapi, unasalimia au unapita na vioo vimefungwa. Wakitosheka ndio wanauliza bei.

Ulinitumia ile sauti ya WhatsApp, ati mama mbona Wavinya Ndeti aliambiwa akatafute kura Nigeria kwa mumewe na leo ni gavana hapa hapa Machakos ninapofundisha. Ni kweli, lakini mbona hadithi hukuimaliza? Wavinya alichaguliwa mbunge Kathiani 2007, akautaka ugavana 2013 akakosa, 2017 akapambana na gavana Mutua akakosa tena, 2022 ndio akapata. Na marehemu Joyce Laboso kule Bomet, 2017 walimwambia ameolewa na Mjaluo aende Nyanza, akawashinda, sawa, lakini alikuwa mbunge wa Sotik tangu 2008 dadake Lorna alipofariki kwa ile ajali ya ndege, halafu akawa naibu spika, yaani hilo jina la Laboso watu walishalizoea midomoni kabla yeye hajaomba ugavana. Hata Achani wetu wa hapa Kwale, mwanamke wa kwanza kuwa gavana pwani yote, alikaa naibu wa gavana Mvurya kuanzia 2013 mpaka 2022. Magavana wanawake saba tu mwaka ule wa 2022 katika kaunti 47 na nyinyi mkapiga vigelegele. Wewe unakuja na nini mwanangu? Sisemi kwa ubaya. Unakuja na kemia ya sekondari, na huku ulitoka siku nyingi.

Na usiniletee ya Rais Ruto. Siku hizi kila anayetaka kura anaupekua umaskini wake sandukuni auanike. Kuku pale Kamagut aliuza, hakuna anayebisha, lakini alipotujia na wilbaro, alama ya chama chake, 2022 akasema yeye hasla, mtu wa kuhangaika, na wale wengine watoto wa wakubwa, alikuwa naibu wa rais tangu 2013 na uwaziri alishaufanya. Na tukamuona mwenzetu! Mpinzani wake marehemu Raila, Mungu amrehemu, alikaa kizuizini miaka, lakini mwaka ule watu walimuangalia babake Jaramogi basi, mtoto wa makamu wa rais. Walipishana kidogo tu, asilimia 50.49 kwa 48.85, na mimi nasema ile hadithi ya kuku ilikuwa na kura zake mle ndani. Wewe umesomeshwa na nazi za babako, liseme hilo si aibu, lakini usije ukavaa kanga iliyochanika uonekane wa chini, gari lako wanalijua hadi namba.

Ati utapata tikiti ya chama kizuri. Haya, 2020 Dori, mbunge wetu wa hapa Msambweni, alipofariki chama kikubwa pwani kilikuwa kipi? ODM ya Raila. Wakaja vigogo, na bado Feisal Bader akakishinda kiti hicho bila chama, mgombea binafsi. Ruto alikuwa nyuma yake ndio, lakini alikuwa msaidizi wa marehemu, watu wamemzoea. Kwa hivyo tikiti itafute lakini usiilalie.

Mumeo aje. Hili ndilo kubwa na ndilo unaloliruka kila siku. Asije sikukuu na kurudi, aje akae barazani na wazee, anywe kahawa, azike na watu. Wakamba wapo Shimba Hills tangu mimi sijazaliwa, si watu wageni hawa, lakini yule wa kwenu wamemuona mara ngapi? Mtu ambaye hawamjui watamtungia. Na kura yako ipo wapi? Kama bado ipo Machakos ihamishe sasa, hiyo peke yake ni kampeni ya mpinzani wako.

Kuna watakaokupa kura kwa sababu ya babu yako na kile kiwanja cha madrasa. Kuna watakaokunyima kwa ile kesi ya shamba, na babako hataki itajwe humu ndani basi usimuulize, lakini ujue itatajwa kwenye maikrofoni. Hukuwa hata umezaliwa ilipoanza na bado ni yako. Yule mama wa kamati ya maji aligombea 2022, kazi yake mnaijua, bomba lile ni yeye, ikasemwa ana mdomo na kaachika mara mbili, akapata kura za kuhesabu kwa vidole. Usiniulize mimi nilimpa nani.

Kuongea unajua. Kwenye harusi ya binamu yako wazee walinyamaza wakakusikiliza na mimi nikajifanya nina kazi jikoni. Si hapo penye wasiwasi wangu. Uchaguzi ni tarehe 10 mwezi wa nane 2027, na mwalimu wa serikali lazima aache kazi miezi sita kabla, yaani mwezi wa pili barua ya kuacha kazi kwa TSC, tume ya walimu, iwe imeshaandikwa. Mshahara umekwenda, pensheni umeikatiza njiani, halafu mtu akwambie rudi kwa mumeo. Hapo ndipo silali. Kama jibu unalo niandikie, nataka kulisoma mimi kwanza kabla ya hao wa sokoni.

Mkwezi amekuja Jumanne, nazi hazikuwa nyingi na bei wameishusha tena. Kakako anataka bodaboda ya mkopo, anasema wewe umeshakubali kumsimamia, sijamuamini. Tangi linavuja pale chini penye mfereji, fundi anataka elfu tatu. Mtumie fundi mwenyewe, usimpitishie kakako. Na pesa ya dawa iweke kwa namba yangu, babako amekosea namba ya siri tena simu imefunga.