Barua ya wazi kwa mlio na wazazi wazee Minnesota

Wanangu wa Brooklyn Park, Brooklyn Center, Rochester na kwingineko Minnesota,

Nawasalimu. Wengi wenu mmelea wazee wa watu usiku na mchana kwa miaka, na sasa mama na baba zenu nao wanahitaji mkono. Nisikilizeni kabla hamjatia sahihi mkataba wa makao ya wazee. Familia nyingi huchagua kwa kutazama zulia na bustani, na muda si mrefu mzee anaambiwa ahame.

Tangu tarehe 1 Agosti 2021, Idara ya Afya ya Minnesota hutoa leseni mbili za makao yenye usaidizi (assisted living): ya kawaida, na ya makao yenye huduma ya dimensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Kitengo ambacho milango yake hufungwa ili wazee wasipotee kinaruhusiwa kwenye leseni ya pili tu. Ikiwa baba ameanza kutoka nje usiku akitafuta ng'ombe, ulizeni leseni kwanza, mengine baadaye. Nyumba ya uuguzi ni kitu kingine kabisa, cha mtu anayehitaji muuguzi karibu muda wote.

Sasa pesa, na hapa ndipo watu huumia. Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee, hailipii kodi ya makao yenye usaidizi wala huduma za kuogeshwa na kuvishwa humo. Medicare ya kawaida hulipia nyumba ya uuguzi kwa siku zisizozidi 100, tena baada ya mzee kulazwa hospitalini angalau siku 3 mfululizo. Kuanzia siku ya 21 kuna sehemu mnayochangia wenyewe. Mzee anaweza kulala kitanda cha hospitali siku nne huku faili lake linasema yuko chini ya uangalizi, hajalazwa. Siku hizo hazihesabiwi. Muulizeni daktari kila asubuhi: amelazwa, au anaangaliwa tu?

Akiba ikiisha, njia ni Medical Assistance, yaani Medicaid ya Minnesota, bima ya wenye kipato kidogo, pamoja na mpango wake wa kulipia huduma nje ya nyumba ya uuguzi, Elderly Waiver, kwa mwenye miaka 65 na zaidi ambaye hali yake ingemstahilisha nyumba ya uuguzi. Asiye na mwenzi hatakiwi kuwa na mali inayohesabiwa zaidi ya dola 3,000. Waiver hulipa huduma. Chumba na chakula hulipwa kwa kipato chake, au kwa Housing Support, msaada wa jimbo wa makazi na chakula, akistahili. Shamba la Kisii au kiwanja cha Kitengela nacho ni mali, kitajeni kwenye fomu. Serikali huangalia mali iliyotolewa au kuhamishwa miezi 60 iliyopita, kwa hiyo kuhamisha hati ya shamba kwa jina la kaka yenu leo kunaweza kumnyima mzee malipo kesho. Mwoneni wakili wa mambo ya wazee kabla ya kugusa hati yoyote. Na mzazi mliyemleta kwa kadi ya kijani, kwa kawaida husubiri miaka 5 kabla ya kustahili Medical Assistance. Mwenye viza ya matembezi hastahili.

Kuna swali moja la kuuliza kila nyumba: "Pesa za mama zikiisha, atabaki hapa kwa Elderly Waiver, au lazima alipe mfukoni kwa muda fulani kwanza?" Sheria inataka jibu liandikwe kwenye mkataba. Jibu la mdomo la mtu wa ofisini halitawasaidia.

Tathmini ya kupata waiver huitwa MnCHOICES. Hufanywa na kaunti, au na mpango wa bima wa mzee. Mtathmini huuliza kuhusu kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kutembea, na kuhama kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Wazee wetu wana heshima: wakiulizwa, hujibu "niko sawa tu, mwanangu". Mama hawezi kumwambia mtu mambo ya choo huku mwanawe wa kiume ndiye anayetafsiri. Ombeni mkalimani rasmi, hamlipi kitu. Kabla ya siku hiyo andikeni kwa wiki nzima: ameanguka lini, ameamka mara ngapi usiku, dawa ipi imesahaulika. Siku mbaya ndizo zinazoonyesha msaada anaouhitaji.

Kwenye mkataba, tafuteni neno kuhusu kuinua. Nyumba nyingi humhudumia mtu anayeinuliwa na mhudumu mmoja; akihitaji wawili, au mashine ya kuinulia, wanasema hawamwezi tena. Ulizeni mpaka wao uko wapi. Ulizeni pia bei hupandaje mahitaji yakiongezeka, na nani hudunga insulini Jumapili. Muuguzi aliyesajiliwa lazima ampime mzee kabla ya kutia sahihi au kuhamia, kisha tena ndani ya siku 14 huduma zikishaanza. Mkiona siku hizo zimepita kimya, ulizeni.

Nendeni mkatembelee saa mbili usiku, si mchana peke yake. Bonyezeni kengele ya chumbani, kwa idhini yao, mhesabu dakika. Mwenye dimensia mara nyingi hurudi kwenye lugha yake ya utotoni, basi ulizeni zamu ya usiku nani anajua Kiswahili au Ekegusii. Wahudumu Wakenya ni wengi mjini, lakini si kila zamu.

Mkiambiwa mzee aondoke, msifunge mizigo. Lazima kuwe na kikao nanyi kabla ya notisi, notisi ya maandishi kwa kawaida ni ya siku 30, na kuna haki ya rufaa. Siku hiyo hiyo pigieni Ombudsman wa huduma za muda mrefu. Hutetea wazee bila malipo. Kwa kutafuta makao na kulinganisha, pigieni Senior LinkAge Line, simu ya jimbo ya kusaidia wazee, 1-800-333-2433, mwombe mkalimani wa Kiswahili.

Wasalaam,
Mzee wenu