Wito wa harambee: Twende Eyam, na tusiende mikono mitupu

Bwana asifiwe, ndugu zetu wa ushirika wa Kiswahili hapa Sheffield, pamoja na marafiki wote mtakaoupata wito huu.

Kamati imekaa na kukubaliana: Jumapili ya mwisho ya Agosti mwaka huu hatutasali mjini. Tutapanda basi, wazee, vijana na watoto, tupite Fox House, tuteremke Grindleford, hadi kijiji cha Eyam (wenyewe hutamka “Iim”). Ni kama kilomita 20 tu kutoka hapa. Wengi wetu tumekaa Sheffield miaka na hatujawahi kukanyaga huko, ilhali kijiji kile kinatudai.

Mwishoni mwa kiangazi cha 1665, London ikiwa inazika watu wake kwa tauni, furushi la vitambaa lilitoka huko likafika Eyam kwa mshonaji aitwaye Alexander Hadfield. Vilikuwa vimeshika unyevu. Msaidizi wake, George Viccars, akavitandaza mbele ya moto vikauke, na viroboto wenye tauni waliojificha humo wakapata joto. Tarehe 7 Septemba Viccars alizikwa. Majirani wakafuata. Baridi ilipokuja ugonjwa ulipungua, lakini joto la 1666 liliporudi, ukarudi nalo.

Kasisi wa pale, William Mompesson, alikuwa kijana asiyefika miaka 30, na hakuwa kipenzi cha watu. Mtangulizi wake, Thomas Stanley, alikuwa ameondolewa kwa kukataa Kitabu cha Sala kilichoamriwa na serikali, na wengi walikuwa bado upande wake. Sisi tunaojua mambo ya makanisa tunaelewa hali ya namna hiyo. Hata hivyo, Juni 1666 wawili hawa walisimama pamoja mbele ya kijiji. Waliomba kila familia izike watu wake yenyewe, bila kungoja makaburi ya kanisa. Kanisa lifungwe, na ibada ziwe bondeni Cucklet Delph, familia zikitengana. Na mtu asivuke mpaka, asije akaipeleka tauni Bakewell au Sheffield. Ndiyo, Sheffield hii hii tunayokaa.

Watu wakakubali. Chakula kiliachwa mpakani, na Bwana wa Chatsworth, Earl wa Devonshire, alisaidia kukituma. Malipo yaliwekwa kwenye vishimo vya jiwe vilivyojazwa siki, ili sarafu zisibebe ugonjwa. Jiwe hilo lipo hadi leo upande wa Stoney Middleton, juu ya uwanda wa nyasi. Vishimo vyake vimelainika, kidole kinaingia. Tauni ilipokwisha, Novemba 1666, kwa hesabu ya daftari la kanisa watu 260 hivi walikuwa wamekufa.

Wako kati yetu waliokuwa Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ilipoua zaidi ya watu 2,200. Hao hawahitaji kuelezwa maana ya ndoo ya maji ya klorini mlangoni, wala maana ya kuambiwa usimwoshe marehemu wako. Wanakumbuka pia kwamba si kila mtu alikubali. Vituo vya tiba vilishambuliwa, wahudumu wakauawa. Ndiyo maana mama mmoja wetu, aliposikia habari za Eyam, hakuuliza wangapi walikufa. Aliuliza: “Nani aliwashawishi, na aliwaambiaje?” Tungependa vijana wetu waende na swali hilo.

Kuna kaburi moja tutakalolipa muda. Kwenye mteremko nje ya kijiji, ndani ya ukuta wa mawe wa mviringo, wamelala mume na watoto sita wa Elizabeth Hancock. Wote walikufa ndani ya siku nane za Agosti 1666, na yeye ndiye aliyewazika. Inasimuliwa kwamba alifunga kitambaa miguuni mwa kila maiti akaiburuta, asiiguse kwa mikono. Baada ya hapo aliondoka akaja kwa mwanawe aliyebaki, aliyekuwa huku Sheffield. Kwa hiyo si sisi wa kwanza kufika mji huu tukiwa tumeacha makaburi nyuma.

Hatuendi kusifu tu, kamati inataka hilo lieleweke. Wenye uwezo walikuwa wamekwisha kuondoka mapema, na Mompesson mwenyewe alikuwa amewatoa watoto wake wawili kabla mpaka haujafungwa. Mkewe Catherine alibaki naye, akafa Agosti 1666, na kaburi lake liko uani mwa kanisa. Yupo pia Marshall Howe, aliyeugua akapona, kisha akajitolea kuzika watu na kujilipa kwa vitu vyao. Kijiji ni kijiji.

Kwa wanaopenda kutembea: kusini mwa Eyam ni nchi ya mawe ya chokaa, zamani wakichimba madini ya risasi, kaskazini ardhi inapanda hadi kilima cha Sir William, na Agosti vichaka vya huko juu hugeuka zambarau tupu. Wakati huo huo wanakijiji hupamba visima vyao kwa mbao zilizokandikwa udongo, na juu yake wanabandika majani ya maua, moja moja, hadi picha itokee. Uani mwa kanisa la Mtakatifu Lawrence kuna msalaba wa mawe wa karne ya 8. Na Jumapili hiyo ya mwisho wa Agosti hufanyika ibada ya kumbukumbu pale pale Cucklet Delph. Sisi tutakaa nyuma, kama wageni wenye adabu.

Sasa fedha. Tunahitaji pauni 1,340. Basi ni pauni 600. Pauni 240 ni za kuchapa kijitabu kifupi cha Kiswahili kuhusu Eyam. Vijana wetu wameshaanza kukiandika, na tutaacha nakala kwa wageni watakaokuja baada yetu. Pauni 500 ni sadaka ya matunzo ya kanisa la kijiji. Msidhani makanisa ya kale ya Uingereza yanatunzwa na serikali. Mzigo mkubwa uko kwa waumini wa hapo, na wengi wao ni wazee wachache. Tukibakiza chochote, kinaongezwa kwenye sadaka hiyo.

Harambee yenyewe ni Jumapili ya pili ya Julai, baada ya ibada. Toa ulicho nacho. Familia isiyo na uwezo isikose safari, mwambie mweka hazina kando, hatauliza maswali. Ahadi zilipwe kabla Julai haijaisha, maana mwenye basi hapokei ahadi. Pilau na sambusa ni juu ya kina mama na kina baba, safari hii wote. Na kila atakayeleta sufuria aandike jina lake kwenye kifuniko pia: jikoni kwetu bado kuna vifuniko vitatu vya Pasaka visivyo na mwenyewe.