Samansi ikiishia kwenye droo ya mlinzi

Kuna jengo la ghorofa nne hapa Dar es Salaam tulikabidhiwa kulisimamia, fremu chini, ofisi juu. Siku ya pili tulikuwa kwenye kibanda cha mlinzi tukihesabu funguo. Tukavuta droo, tukakuta bahasha yenye mhuri wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ndani yake samansi. Mlinzi aliipokea, akasaini, akaiweka pamoja na betri za tochi akimsubiri bosi apite. Bosi hupita mwisho wa mwezi, na zilikuwa zimebaki siku mbili tu za kujibu.

Ukishapelekewa wito na madai, unazo siku 21 za kuwasilisha majibu yako kwa maandishi. Ukikaa kimya, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja na hukumu ikatoka wewe hujui hata mdai ni nani. Hukumu ya namna hiyo inaweza kutenguliwa, ila utaanza kwa kueleza kwa nini hukutokea, na hadithi ya droo na betri haipendezi ukiisimulia mbele ya mwenyekiti wa baraza.

Kwa hiyo jengo tukilipokea sisi huanza na daftari la kawaida pale getini. Karatasi yoyote yenye mhuri ikiletwa, mlinzi anaandika tarehe, saa na jina la aliyeileta, anaipiga picha na kuituma kwa mwenye jengo saa ileile. Gharama yake ni bei ya daftari.

Baada ya hapo tunaomba mikataba. Asilimia kubwa ya tunayoletewa imenunuliwa steshenari, ile ya kujaza nafasi, na haijawahi kupelekwa TRA, Mamlaka ya Mapato. Mkataba wa pango unatakiwa kulipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka, ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Watu wanaona ni gharama ya bure mpaka siku wanapoutoa mbele ya hakimu na wakili wa upande wa pili anasimama kusema karatasi hii haina stempu, isipokelewe kama ushahidi. Kuulipia kwa kuchelewa inawezekana, lakini kuna adhabu juu yake, na siku hiyo hakuna mwenye utulivu wa kukimbizana na risiti.

Ugomvi mwingine unaozaliwa humohumo ni kodi ya zuio. Kiswahili chetu kinasema "kodi" kwa pango na kwa ya serikali, na nadhani nusu ya kelele hutoka hapo. Mpangaji mfanyabiashara anazuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kwa jina lako. Wewe unaona hela imepungua, unamwandikia barua ya ukali, naye anakujibu kwa wakili. Andikeni mapema kwamba pango lililotajwa ni kabla ya zuio au baada yake, na cheti cha zuio utakipata lini. Na kama mkataba wako bado unataja dola, uurekebishe: kanuni za Machi 2025 zimekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi.

Sasa kufuli. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wenye majengo wanapojichimbia shimo wenyewe.

Mpangaji amepitisha miezi mitatu bila kulipa. Simu hapokei. Jumamosi jioni unamtuma kijana anaongeza kufuli la pili juu ya lile la mpangaji, na unalala vizuri. Jumatatu mpangaji anakuja na shahidi, anapiga picha mlango, anaondoka bila hata kugombana. Wiki mbili baadaye unaletewa notisi: ndani mlikuwa na mzigo wa shilingi milioni 60, vitenge vipya, na pesa taslimu kwenye meza. Wewe unajua kulikuwa na maboksi mawili na feni. Utathibitishaje? Hukuhesabu, na tangu dakika ile kufuli lilipofungwa, mzigo uko mikononi mwako. Deni la pango la milioni 4 limegeuka kesi ambayo mdaiwa ni wewe.

Njia halali ni ndefu na inachosha: notisi ya maandishi yenye kiasi cha deni na siku alizopewa, kwa namna mkataba unavyosema, uthibitisho kwamba ameipokea, kisha baraza au mahakama, na kama ni kutolewa, anatolewa na dalali wa mahakama mwenye amri mkononi, vitu vikiorodheshwa kimoja kimoja. Sijawahi kukutana na mwenye jengo aliyeifurahia. Lakini waliofuata njia hii hawakuambiwa walipe vitenge.

Kwa walioko Kariakoo kuna na suala la kilemba, ile pesa anayotoa mtu ili aachiwe fremu. Ulimpangisha mama mmoja mwaka 2016, yeye akamwachia fremu mdogo wake, mdogo wake akachukua kilemba kwa mtu mwingine, na huyo ndiye unayemkuta leo anakuita "mwenye nyumba" kwa heshima zote. Jina lake halimo popote kwenye karatasi zako, ila miamala yake ya simu unayo ya miaka miwili. Umepokea pesa yake, umenyamaza. Akija kudai kwamba ulimtambua kama mpangaji, ana pa kushikia. Pita fremu kwa fremu mara moja kwa mwaka uulize tu nani yumo. Ukikuta mgeni, amua: umwandikie mkataba wake, au umwandikie barua ya kumkataa. Usipokee tu pesa.

Kuhusu watu kuumia, tazama ngazi zako siku ya mvua. Vigae vinavyong'aa vilivyopendeza kwenye picha za fundi ndivyo vinavyoangusha wateja. Aliyevunjika nyonga ana miaka mitatu ya kufungua madai ya uzembe, na baada ya miaka miwili hakuna atakayekumbuka kama bango la sakafu yenye maji lilikuwepo. Picha yenye tarehe itakumbuka. Bima ya moto haimlipi huyu. Inayomhusu ni bima ya dhima kwa watu wengine, na kampuni ya bima inataka taarifa mapema, kabla hujamwahidi majeruhi chochote. Msafishaji au mlinzi uliyemwajiri mwenyewe akiumia kazini, hilo ni la Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nawe unatakiwa uwe umejisajili.

Na usiguse nguzo bila kibali cha halmashauri na mhandisi. Jengo lililoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 lilikuwa na wafanyabiashara na wateja ndani. Wamiliki walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kuua bila kukusudia, na hapo bima haisaidii.

Ofisi yetu si ya mawakili. Kesi ikishafunguliwa tutakupeleka kwa wakili. Kazi yetu ni faili atakalolikuta. Ukaguzi wa kwanza huchukua nusu siku: tunapanda ngazi zote, tunafungua chumba cha mita, tunapiga picha, tunauliza kila fremu nani yumo. Njoo na mikataba halisi, ile ya karatasi, hata kama imeliwa na mende pembeni. Na mlinzi awepo, tuanze na droo yake.