Mjomba, uliniuliza Uskoti nilisoma nini, jibu lako hili hapa

Shikamoo mjomba.

Naandika huku wazi wazi kwa sababu simu yako ni ile ya tochi ila najua binti yako atakusomea, na pia kwa sababu siku ile ya Krismasi hapo Kibosho uliniuliza mbele ya ukoo mzima, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, bado haijakatwa, "hivi wewe mwezi mzima uliokaa Ulaya ulisoma nini hasa?" nikajibu "historia", ukasema "aaa", ukageukia wenzio mkaendelea na mambo ya kahawa. Ile "aaa" mjomba nimekaa nayo mpaka leo. Ada walilipa wenyeji wangu wa kule lakini nauli mlilipa nyie, wewe peke yako ulitoa laki tatu kwenye kikao pale kwa bibi, kwa hiyo neno moja ni jibu la kihuni na naomba radhi.

Chuo chenyewe ni cha Edinburgh, kilianza kufundisha mwaka 1583, Mjerumani alikuja kupanda mlima wetu Kilimanjaro kama miaka mia tatu baadaye. Ndo kile alichosoma Mwalimu, aliingia 1949 akatoka 1952 na shahada yake ya MA, na nakumbuka kwenye kikao wewe ndo ulisimama ukasema "huko ni kwa Nyerere, mtoto aende", watu wakaanza kutoa hela.

Baridi sikusimulii sana. Ilikuwa Julai, mwezi wanaouita wa joto, mi nimevaa lile koti nililonunua mtumbani, soko la Memorial pale Moshi, elfu kumi na tano, na ndani ya kola lilikuwa bado na kibandiko cha bei kwa paundi, mwenzangu wa chumba alicheka mpaka akakaa chini, akasema koti limerudi kwao. Saa nne usiku nje bado kweupe. Halafu kuna mzinga unapigwa pale ngomeni kila siku saa saba mchana isipokuwa Jumapili, nao wamezoea hawageuki hata kichwa, mimi siku ya kwanza nilichuchumaa katikati ya barabara. Wakatupeleka na kupanda mlima wao, mita 251, eti tubebe maji na biskuti. Mjomba, kwetu hapo ni pa kuchungia mbuzi.

Sasa jibu lenyewe.

Kwenye ile barabara yao kubwa ya mji mkongwe kuna sanamu ya David Hume, mwanafalsafa wao, amekaa kajifunga shuka kama Mgiriki wa kale, mguu mmoja umetokeza nje ya jiwe. Sanamu yote imepauka isipokuwa kidole gumba cha huo mguu, kinang'aa kama dhahabu, kwa sababu kila anayepita anakisugua apate bahati na wanafunzi wakikaribia mtihani ndo usiseme. Siku ya pili tu nami nikakisugua. Cha baridi, laini, kimelika kidogo kama kitako cha sufuria ya zamani. Nikapiga na picha nikaiweka status, nadhani hata wewe ulionyeshwa.

Wiki ya pili mwalimu wetu, mama mmoja wa makamo asiyepaza sauti, akagawa karatasi moja moja tusome kimya. Darasa la watu kumi na wawili, Mwafrika peke yangu. Ni maandishi ya huyo huyo Hume, na kule chini ya ukurasa, kwenye zile herufi ndogo ambazo mtu unaziruka, anasema anashuku watu weusi kwa asili ni wa chini kuliko weupe. Hajamaliza, anaongeza kuna mweusi mmoja Jamaika anasifiwa kwamba kasoma, ila yeye anaona huyo ni kama kasuku tu aliyejua kutamka maneno machache vizuri.

Kasuku, mjomba. Na mimi ule muda wote darasani nilikuwa nasema maneno machache tu, niliyoyapanga kichwani kwanza, maana kizungu changu kikiachiwa kinakwenda upande. Nikahisi watu wananiangalia, labda hata hawakuwa wananiangalia, ila masikio yalipata moto. Kijana mmoja akasema jamani huyu ni mtu wa zama zake, zamani wote walifikiri hivyo. Mwalimu akasema hapana, kuna Mskoti mwenzake wa Aberdeen, James Beattie, alimjibu hadharani mwaka 1770 Hume mwenyewe akiwa hai, kwa hiyo zama zake zilikuwa na watu wa aina zote mbili. Hiyo sikuwa nimewahi kuifikiria kabisa, na mimi mwenyewe ni mwalimu mtarajiwa wa historia!

Usiku huo huo nikaandika kurasa nne za moto. Nikarudishiwa na mstari mmoja wa penseli: "Umenieleza umekasirika, sasa nieleze amekosea wapi."

Hapo ndo nilipoanza kusoma mjomba, kabla ya hapo nilikuwa natalii. Nikakaa maktaba siku tatu. Nikamkuta John Edmonstone, mtu mweusi kutoka Guyana aliyekuwa mtumwa akapata uhuru, alikuwa anaishi hatua chache tu kutoka chuoni, na mwaka 1826 alimfundisha Darwin, yule wa mageuzi ya viumbe, wakati huo ni kijana anayesomea udaktari na kushindwa kuvumilia damu. Alimfundisha kukausha ndege na kuwajaza wakae kama wazima, lisaa limoja kila siku kwa miezi miwili, kwa malipo. Nikaruka kwa furaha nikasema nimempata Hume. Mwalimu akasoma akaniambia mfano mmoja mzuri hautoshi, Hume angekwambia huyo naye kasuku mwingine. Nikatamani kulia.

Mwisho nikarudi kwa Hume mwenyewe. Maana sifa yake kubwa ni kufundisha kwamba mtu asiamini jambo zaidi ya ushahidi alionao. Haya, na yeye ushahidi wake ulikuwa upi? Watu weusi aliowataja wengi walikuwa watumwa, na yule mmoja aliyesoma alipotajwa kama ushahidi akamwita kasuku, yaani ushahidi usiompendeza anautupa nje. Nikampiga kwa fimbo yake mwenyewe. Nikapata 64, kwao hiyo ni B, najua wewe utauliza 36 zimeenda wapi.

Kitu kingine cha kuchekesha, chuo hicho hicho Hume aliomba kazi ya kufundisha falsafa wakamnyima mwaka 1745 kwa sababu walimwona hana dini, halafu karne ya ishirini wakalipa jengo lao moja refu jina lake, halafu 2020 wakaliondoa jina kwa sababu ya zile herufi ndogo. Siku hizi linaitwa kwa namba tu na mtaa. Sanamu iko mtaani, ipo pale pale.

Siku ya kuondoka nilipita hapo na begi langu. Kulikuwa na foleni, baba mmoja kamnyanyua mtoto wake akiguse kile kidole. Mimi sikugusa. Sijui ilikuwa hasira au ni vile tu mikono yote ilikuwa na mizigo.

Cheti kipo kwa mama kwenye kabati la vyombo. Ile karatasi yenye penseli ninayo mimi, Jumapili nikipanda huko nitakuja nayo nikutafsirie mstari kwa mstari, na ukiona pa kubisha ubishe.