Risala ya Klabu ya Kifaransa kwa Mgeni Rasmi: Komine ya Le Chambon-sur-Lignon

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana: Bonjour, na habari za asubuhi.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama, na tunakushukuru wewe Mgeni Rasmi kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kila tarehe 20 Machi, Siku ya Kimataifa ya Kifaransa, klabu yetu huwaeleza wenzetu habari za mahali fulani kunakosemwa lugha hii. Huko nyuma tulieleza Paris, Dakar na Kinshasa. Mwaka huu mlezi wetu alitupa sharti moja: tuachane na miji mikubwa, tutafute komine ya shamba. Komine ndiyo ngazi ya chini kabisa ya utawala Ufaransa, na neno lenyewe si geni kwetu kwa sababu jirani zetu wa Burundi wanalo. Ufaransa ina komine karibu 35,000, kila moja na meya wake na baraza lake, hata zile ambazo watu wake wote wangeenea katika darasa letu moja. Tulibishana wiki mbili. Tuliyoichagua ni Le Chambon-sur-Lignon, na sababu utaiona tukifika kwenye habari ya risala nyingine, iliyokabidhiwa huko kwa mgeni mwingine.

Le Chambon iko Haute-Loire, kusini ya kati ya Ufaransa, kwenye nyanda za juu zenye mwinuko wa karibu mita 1,000. Wakazi wake ni kama 2,500. Mto Lignon unapita hapo ukielekea kuungana na mto Loire. Kuna misonobari, malisho ya ng'ombe na nyumba za mawe. Majira ya baridi huvuma upepo wa kaskazini ambao wenyeji wanauita burle. Unasomba theluji na kuirundika mpaka barabara inapotea. Sisi wa joto la Ziwa Tanganyika ilitubidi tutafute picha ndipo tukaelewa.

Wenyeji wengi wa hapo ni Waprotestanti tangu karne ya 16, ndani ya nchi ambayo wengi walikuwa Wakatoliki. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 alifuta amri iliyowaruhusu kuabudu kwa imani yao. Makanisa yao yakabomolewa, wachungaji wakafukuzwa, waumini wakawa wanasali porini kwa kujificha. Habari hizo zilipita kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, kizazi baada ya kizazi. Juu ya mlango wa kanisa lao leo kuna maandishi: Aimez-vous les uns les autres, yaani, pendaneni ninyi kwa ninyi.

Jambo la pili sisi tunaliona kubwa, ingawa wengi hulipita haraka. Tangu mwisho wa karne ya 19 familia za nyanda hizo zilikuwa zikipokea watoto wa wafanyakazi wa mji wa viwanda na migodi wa Saint-Étienne, waje wapumue hewa safi na kunywa maziwa. Baadaye treni ndogo ikafika, nyumba za wageni zikaongezeka. Kwa hiyo mtoto asiye wa ukoo kukaa mezani na watoto wa nyumba lilikuwa jambo la kila mwaka. Mwaka 1938 wachungaji André Trocmé na Édouard Theis wakaanzisha shule ya sekondari, wavulana na wasichana pamoja, na wanafunzi wakaja kutoka mbali.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Juni 1940 Ufaransa ilishindwa na Ujerumani, na serikali ya Marshal Pétain huko Vichy ikakubali kushirikiana na mshindi. Siku moja tu baada ya mkataba wa kusimamisha vita kusainiwa, Jumapili tarehe 23 Juni, wachungaji hao wawili waliwaambia waumini wao kwamba dhamiri ya mtu hailazimishwi, na kwamba wao watapinga kwa silaha za roho.

Majira ya baridi yaliyofuata, jioni moja, mama mmoja Myahudi aliyekimbia Ujerumani, ambako serikali ya Wanazi iliwatesa Wayahudi, alibisha hodi kwa Magda Trocmé, mke wa mchungaji, amejaa theluji, akauliza kama anaweza kuingia. Magda akamjibu aingie. Viatu vyake vilikuwa vimelowa chapachapa, vikawekwa jikoni vikauke, vikaungua. Wakati ule wa vita viatu vilikuwa haba, ikabidi Magda ahangaike kijijini kumtafutia vingine. Alikwenda pia kwa meya kuomba karatasi za mgeni wake, na meya akamwambia amwondoe. Hili tumeona tulisome wazi: hata Le Chambon, si kila mlango ulifunguka.

Lakini iliyofunguka ilikuwa mingi, hapo na katika komine za jirani. Wayahudi waliopata hifadhi katika nyanda hizo hutajwa kuwa 5,000, ingawa wako wanahistoria wanaoona idadi hiyo ni kubwa mno. Walifichwa mashambani, kwenye nyumba za wageni na katika mabweni ya shule. Kijana mmoja, Oscar Rosowsky, ambaye naye alikuwa Myahudi mkimbizi, alikuwa akitengeneza vitambulisho vya bandia usiku. Vifaa vyake alivificha ndani ya mizinga ya nyuki ya mkulima aliyemhifadhi. Sisi tunaoijua mizinga tunaelewa kwa nini hakuna askari angependa kupekua humo.

Sasa tumefika kwenye ile risala. Julai 1942 polisi wa Paris waliwakamata Wayahudi karibu 13,000, zaidi ya 4,000 kati yao wakiwa watoto. Mwezi uliofuata Georges Lamirand, aliyesimamia masuala ya vijana katika serikali ya Vichy, alitembelea Le Chambon. Wanafunzi wakubwa wa shule wakamkabidhi barua. Walimwambia kwamba wamesikia yaliyotokea Paris. Kwamba miongoni mwao wako Wayahudi, na wao hawambagui Myahudi na asiye Myahudi. Kwamba wenzao wakiamriwa kujitokeza ili wahamishwe kwa nguvu, hawatatii, nao watawaficha kadiri watakavyoweza. Mgeni akasema hilo si lake, waulizwe wakuu wa mkoa. Baada ya wiki kama mbili polisi wakaja na mabasi kuwasaka, wakaondoka karibu mikono mitupu.

Gharama ilikuwepo. Februari 1943 Trocmé, Theis na mwalimu mkuu Roger Darcissac walikamatwa na kufungwa kambini kwa wiki kadhaa. Juni 1943 Gestapo, polisi wa siri wa Ujerumani, walivamia bweni la Maison des Roches wakachukua wanafunzi 18 pamoja na mlezi wao, Daniel Trocmé, ndugu wa ukoo wa mchungaji. Alifia katika kambi ya mateso ya Wajerumani ya Majdanek, Poland, mwaka 1944.

Desemba 2020 alifariki mzee Eric Schwam, aliyefika Le Chambon mwaka 1943 akiwa kijana na familia yake. Aliiachia komine hiyo urithi uliotajwa kuwa takriban euro milioni 2, akiomba usaidie shule na vijana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sisi ni watoto wa Mkoa wa Kigoma. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996, kabla hatujazaliwa, na baadhi yetu Kifaransa cha kwanza tulikisikia sokoni kwa watoto wa Kikongo. Pamoja na hayo, hapa shuleni neno "mkimbizi" bado linatumika kama tusi, kwenye mpira na hata kwenye foleni ya chakula. Tunalisema mbele yako kwa sababu wale wa Le Chambon nao walisema mbele ya mgeni. Wanaklabu tumekubaliana kutolitumia hivyo. Tunakuomba ukisimama kuongea, ulisemee.

Maombi yetu mengine ni haya. Klabu ina kamusi moja, na kurasa zake zimenyofoka kuanzia herufi S. Tunaomba kamusi tano. Mwalimu wa Kifaransa ni mmoja kwa shule nzima, tunaomba utusaidie kupaza sauti tupate wa pili. La mwisho ni nauli ya posta: tumewaandikia wanafunzi wa sekondari wa komine hiyo barua ya kurasa mbili, kwa mkono, nayo imeshatiwa kwenye bahasha na iko mezani kwa mlezi wetu.

Tunaomba kuwasilisha.