Mwalimu ambaye hakucheza atafundishaje michezo?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Singida, na filimbi nimeipuliza miaka 40.

Jumatano iliyopita nilimpelekea mjukuu wangu daftari alilolisahau nyumbani. Ratiba iliyobandikwa kwenye mlango wa darasa la tano ilisema Sanaa na Michezo. Ubaoni kulikuwa na robo tatu gawanya kwa nusu. Kiwanjani hapakuwa na mtu, mbuzi wawili tu wanakula majani golini. Sikuweza kunyamaza, nikamsubiri mwalimu atoke. Kijana mpole, akaniamkia vizuri. Nilipouliza habari ya kipindi akaanza na jibu ninalolijua, kwamba shule inapimwa kwa Hisabati. Kisha akashusha sauti: "Mzee wangu, nikiwatoa nje sijui niwafanyishe nini. Sisi tumesoma wakati michezo imefutwa."

Simlaumu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, awamu ya tatu ya Rais Mkapa, serikali ilisimamisha michezo mashuleni. UMISHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ikafa, na UMISSETA ya sekondari nayo. Tuliambiwa inawapotezea watoto muda wa masomo. Nilikuwa na wasichana wanne wa kupokezana vijiti waliokuwa wakijiandaa kwa mashindano ya mkoa. Niliwaambia chini ya mwembe, mmoja akalia. Vijiti vikaenda stoo, na tufe likawa la kuzuia mlango wa ofisi usipigwe na upepo. Awamu ya nne ya Rais Kikwete ikairudisha, lakini ile ya shule za msingi ilirudi na neno taaluma limechomekwa katikati ya jina, UMITASHUMTA, kama mtoto anayeruhusiwa kucheza akishaonyesha daftari. Walioirudisha walidhani wamemaliza kazi. Waliosahaulika ni watoto wa miaka ile katikati, ambao leo ndio walimu.

Nisije nikaonekana nasifia tu ya zamani. Mchakamchaka wetu wa alfajiri ulikuwa siasa tupu: pekupeku kwenye umande, nyimbo za kumsifu Mwalimu Nyerere, na vita vya 1978 vilipoanza, nyimbo za kumtukana nduli Amin. Halaiki ndiyo usiseme. Watoto walichomwa jua wiki nzima ili sikukuu ya kitaifa ipendeze, na sikumbuki kiongozi aliyelalamika kwamba masomo yanapotea. Kumbe muda wa masomo huwa na thamani kutegemea nani anautaka.

Lakini tulikimbia, na aliyekimbia ana cha kumwonyesha mwenzake. Februari 1974, Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, kwa dakika 3 na sekunde 32.16, nilikuwa darasa la saba. Mwalimu wetu alichora duara kwa majivu, akatushikia saa yake ya mkono, na tukazunguka mpaka giza. Hakuna aliyefika hata karibu! Mwaka 1980, nilipoanza kazi, Bayi na Suleiman Nyambui walitoka Moscow na medali za fedha, nami nikachora duara lile lile la majivu kwa wanafunzi wangu. Mpaka leo nchi hii haijapata medali nyingine ya Olimpiki.

Habari ya viwanja kuliwa na majengo nawaachia wengine, maana hasira zitanizidi. Ombi langu kwa wizara na halmashauri ni moja. Mtaala mpya umekipa kipindi jina na nafasi kwenye ratiba. Sasa mfundisheni mwalimu. Si semina ya ukumbini yenye chai na posho. Mtoeni nje wakati wa likizo, aruke, atupe tufe, aanguke, ajifunze kupiga filimbi na kupasha misuli moto kabla ya kumkimbiza mtoto. Wastaafu tuliosomea michezo bado tupo katika kila wilaya, na wengi wetu mtatupata kwa nauli tu.

Mimi nimeshaanza. Nimekubaliana na yule kijana kwamba Jumatano saa nane tukutane kiwanjani, yeye na darasa lake. Amesema atakuja, akipata raba.

Mwalimu mstaafu,
Singida